Amalfi Haijulikani Ila kwa Miguu

Msafiri aingiaye Amalfi, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Italia, aghalabu hupanda ngazi za kanisa kuu la Mtakatifu Andrea, akapiga picha, akanunua malimau, kisha akarejea chomboni kabla jua halijapinda; nami nasema pasi na kusita kuwa mtu huyo ameuona mji wala hakuujua, kwani tarikhi yake haisomeki ila kwa kwenda taratibu nyuma ya kiongozi mwenye ilimu.

Huyo ndiye atakayekusimamisha mbele ya milango ya shaba iliyotengenezwa Konstantinopoli katika karne ya 11, akakupitisha katika Ua wa Paradiso wa karne ya 13, ambao matao yake membamba yaliyopishana yana athari dhahiri ya sanaa ya Waislamu, na kukueleza kwamba mabaharia wa hapa walifanya biashara na Misri na Shamu, hata sarafu yao ya dhahabu, tarì, ikaigwa kwa ile ya Waarabu wa Sisilia. Atakuonyesha pia karakana ya kale ya merikebu, na mahali ambapo dhoruba ya mwaka 1343 iliubomoa mji wa chini.

Walakin maarifa haya hayamfikii mtu aliye katikati ya halaiki. Wakuu wa mji wangetenda haki lau wangeweka mpaka wa idadi ya watu wanaomfuata kiongozi mmoja, maana vichochoro vile havina nafasi ya umati.