Wasifu wenye nguvu ni wasifu wa kweli

Tangu M23 ichukue Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zilifunga milango. Mwaka huohuo Marekani ilikata misaada, na mashirika mengi yakapunguza wafanyakazi. Vijana wetu wengi sasa wanatafuta kazi kwa simu, na wengine wamefungua ukurasa kwenye LinkedIn. Tunawatia moyo, lakini tunaona hatari mbili.

Ya kwanza ni kujikuza. Aliyehesabu magunia ya unga kwa majuma matatu anajiita “mkuu wa ugavi.” Mwajiri akimuuliza mkubwa wake wa zamani, uongo unaanguka, na jina la kijana linaanguka pamoja nao. Afadhali aandike: “Nilitunza daftari ya ghala, nikagawa chakula kwa jamaa 300.” Kazi iliyotajwa wazi inashinda cheo kikubwa. Aongeze picha safi ya uso wake na lugha anazosema. Kiswahili pia ni mali.

Ya pili ni matapeli wanaoahidi kazi, kisha wanadai pesa za faili. Mwajiri wa kweli haombi pesa. Ukiombwa, simama hapo.

Nasi wachungaji tuna sehemu yetu. Ukurasa huo una nafasi ya ushuhuda wa watu waliofanya kazi nawe. Kijana aliyetumika kanisani akituomba, tusimsifu kwa huruma wala tusimnyime kwa uvivu. Tuandike tuliyoyaona. Kwa aliyepoteza diploma yake akikimbia vita, ushuhuda huo unaweza kumfungulia mlango.