AFYA YETU: Si Mawazo Tu

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kusikia jambo hili. Mtu analalamika kwamba tumbo linamchoma. Jirani zake wanamwambia, "Wewe una mawazo mengi. Acha mawazo, utapona." Mgonjwa anarudi nyumbani. Anakunywa maji ya magadi, maumivu yanatulia. Kesho yanarudi.

Je, jirani hao wamesema kweli? Wamesema nusu tu. Leo tuitazame nusu waliyoisema, kisha ile waliyoiacha.

Mishipa ya fahamu na tumbo

Ubongo na tumbo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hupeleka habari huku na huku. Mtu akiwa ametulia, tumbo hutoa maji ya kusaga chakula, na utumbo husukuma chakula taratibu. Akiogopa au akikasirika, kazi hiyo huvurugika. Chakula huweza kukaa tumboni bila kusagika vizuri. Utumbo mkubwa nao huweza kwenda mbio. Ndiyo maana mtu mwenye kesi barazani hukimbilia chooni kila mara.

Jambo hili liliwahi kuonekana kwa macho. Mwaka 1822, huko Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu lilibaki ubavuni mpaka ndani ya tumbo. Mganga wake, William Beaumont, alitazama katika tundu hilo jinsi chakula kinavyosagwa. Aliona kwamba kijana akikasirika, kazi ya tumbo inavurugika. Aliona pia kwamba akiwa na homa, ngozi ya ndani ya tumbo inakuwa nyekundu na kavu, na maji ya kusaga chakula yanapungua.

Kwa hiyo wasiwasi husumbua tumbo kweli. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza.

Tumbo likivimba ndani

Ukichomwa na mwiba mguuni, mahali pale huwa pekundu. Pana joto, panavimba, panauma. Hata ukipagusa kidogo unaruka. Ngozi ya ndani ya tumbo nayo ikiumizwa huvimba vivyo hivyo. Mishipa ya fahamu hapo huwa myepesi kuhisi maumivu. Ukiongeza na wasiwasi, maumivu huzidi. Lakini wasiwasi si mwiba. Mwiba ni nini?

Zamani hata waganga wengi walidhani vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Mwaka 1982, huko Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua kijidudu kinachoishi tumboni. Kinaitwa helikobakta. Wenzao wengi hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wenye vijidudu hivyo. Baada ya siku chache alianza kutapika. Alipopimwa, tumbo lake lilikuwa limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Si kila mwenye kijidudu hiki hupata kidonda. Lakini vidonda vingi vya tumbo huletwa nacho. Vingine huletwa na dawa za maumivu, kama vile aspirini na diklofenaki, mtu anapozimeza mara kwa mara. Hiyo ndiyo nusu iliyoachwa.

Ufanye nini?

Magadi hupunguza ukali wa maji ya tumbo kwa muda mfupi. Hayaui kijidudu. Ukiumwa tumbo mara kwa mara, nenda zahanati. Mweleze mganga dawa zote unazomeza, hata zile za kununua dukani. Helikobakta ina vipimo na ina dawa. Kwa kawaida dawa humezwa kwa wiki mbili hivi. Zimalize zote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya nne. Acha sigara. Acha pombe kali.

Ukikonda bila sababu, au chakula kikikwama unapomeza, usikawie kumwona mganga.

Hatari kubwa ni hizi: kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kupata maumivu makali ya ghafla na tumbo kuwa gumu kama ubao. Ukiona moja tu kati ya hizo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje kuche. Kidonda kinachotoka damu au kilichotoboka huua.

Ndugu msomaji, mwenzako akiumwa tumbo, mfariji na umpunguzie mzigo wa mawazo. Hilo ni jema. Lakini usiishie hapo. Mpeleke akapimwe. Na habari hii msomee yule asiyejua kusoma.