Kama Ni Adhabu, Mbona Analipwa?

Jumapili iliyopita, hapa Rau, mhubiri alitufundisha uaminifu kazini. Alianza vizuri. Kisha akawafikia wanaosimamishwa kazi, akacheka kidogo, akasema panapofuka moshi pana moto. Amina zikajaa kanisani. Mimi hata hamu ya sadaka ikaniisha.

Jamani, sisi watu wa Moshi ndio wa kuiamini methali hiyo? Mgeni akishuka stendi akakuta Kibo imefunikwa, huuliza kama mlima unawaka. Ni wingu, baba.

Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, lenye kanuni za utendaji bora kazini, linamruhusu mwajiri kumsimamisha mfanyakazi mwenye tuhuma nzito wakati anachunguzwa, kwa mshahara kamili. Kamili, si nusu wala posho ya huruma. Kama ni adhabu, mbona analipwa? Mmeona wapi mwizi akawekewa mshahara mwisho wa mwezi? Analipwa kwa sababu bado hajapatikana na kosa lolote. Amewekwa kando ili mafaili yasomwe kwa utulivu.

Jirani yangu alikuwa mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Saruji ilipungua kwenye hesabu, akapewa barua ya kusimamishwa Oktoba, na mshahara ukakatika hapohapo. Desemba, ukoo mzima ulipopanda Kibosho kula Krismasi, yeye alijifungia ndani. Mkewe akawaambia wakwe kwamba ana malaria. Kikao cha nidhamu aliambiwa jioni, kikakaa asubuhi, wakati kanuni zinataka kwa kawaida zisipungue saa 48 za kujiandaa. Na mwenyekiti? Meneja yuleyule aliyemshtaki! Kanuni zinataka mtu asiyehusika na jambo lenyewe. Februari ikaonekana saruji ilikwenda kwa mteja kwa mkopo, na karatasi ya mkopo ililala kwenye droo ya meneja. Sikusikia mahubiri yoyote kuhusu droo hiyo.

Wapo wanaoniambia, "Bosi hana muda wa kumwonea mtu." Hana muda! Mabosi ninaowajua mimi wana muda wa vikao vitatu vya harusi kwa wiki, leo wakose dakika kumi za chuki?

Ugonjwa huu wa kuhukumu kabla ya uchunguzi tumeushangilia wenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016, kwenye uzinduzi wa daraja la Kigamboni, Rais Magufuli alimsimamisha Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam, Wilson Kabwe, mbele ya umati, na watu wakapiga vigelegele. Zama zile kila mtu alisema "kutumbua majipu". Sasa jipu nani hulichunguza? Jipu huminywa. Tukishamwita mtu hivyo, kamati ya nidhamu inabaki kazi ya kunywa chai tu.

Jirani yangu amerudishwa kazini. Juzi nilimkuta dukani Rau Madukani akinunua sukari nusu kilo, fedha mkononi. Mwenye duka, ambaye Jumapili tulikaa benchi moja, alimwita kwanza kijana wake aje asimame kwenye kaunta, ndipo akageuka kuipima.