Theluji ya Ulaya: Soma utabiri kabla ya kulipa nauli

MAMA mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, ametuandikia akitaka ushauri. Binti yake aliolewa na kijana wa jimbo la Tirol, nchini Austria, na sasa wazazi wa kijana huyo wamemwalika yeye na watoto wake wawili wa shule wakakae nao juma zima milimani, wajifunze kuteleza kwa skii. Wakwe watagharimia malazi na chakula. Nauli ni juu yake, na pesa hizo atazitoa kwenye chama, baada ya kungoja zamu yake kwa muda mrefu. "Shemeji yangu ananiambia nisiwe na wasiwasi, eti Ulaya mwezi wa Desemba ni theluji tupu," anasema. "Je, ni kweli?"

Si kweli, mama. Shemeji yako pengine ameona kadi za Krismasi nyingi kuliko alivyoona Desemba yenyewe. Mtu anaweza kutua Munich au Innsbruck wiki ya Krismasi akakuta nyasi za kijani kibichi, mvua ya manyunyu na matope kama ya Githurai. Theluji haifuati kalenda. Hufuata baridi na unyevu, na baridi hufuata mwinuko wa mahali.

Jambo hili la mwinuko sisi twalijua vizuri kuliko tunavyodhani. Aliyepanda basi la usiku kutoka Mombasa bila sweta hukoma kabla ya kufika Machakos. Na juu ya Mlima Kenya, ingawa uko pale pale kwenye ikweta, barafu ingalipo hadi leo, japo inazidi kupungua. Kwa wastani, kila upandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 na nusu hivi. Kwa hivyo unaposoma utabiri wa hali ya hewa wa milimani, usitazame joto la kijiji peke yake. Tafuta kile wanachokiita mstari wa sufuri, yaani urefu ambapo hewa hufikia nyuzi 0. Theluji huweza kuteremka mita 300 hivi chini ya mstari huo kabla haijayeyuka na kuwa mvua.

Tuchukue mfano. Kijiji kiko mita 800 juu ya bahari na kipimajoto kinaonyesha nyuzi 5. Mstari wa sufuri basi utakuwa kwenye mita 1,570 hivi, na theluji itafika hadi karibu mita 1,300. Kijijini, mvua. Juu ya mlima wa mita 2,000, theluji safi katika baridi ya karibu nyuzi 3 chini ya sufuri. Mtu wa hoteli akikwambia kwa simu kwamba "mvua inanyesha", hajakwambia lolote mpaka umuulize yuko mita ngapi. (Hesabu hii haiendi sawa kila siku. Kuna asubuhi tulivu za majira ya baridi ambapo hewa nzito hulala bondeni, na juu mlimani kukawa na joto zaidi kuliko chini.)

Mambo yanaweza kuharibika kiasi gani? Tarehe 1 Januari 2023, mji wa Delémont ulioko kaskazini mwa Uswisi ulipima nyuzi 20.2, joto ambalo halikuwa limewahi kupimwa mwezi wa Januari upande huo wa milima ya Alps. Hiyo ni hali ya hewa ya Limuru siku njema! Siku sita baadaye mashindano ya Kombe la Dunia la skii yalifanyika Adelboden, na wachezaji waliteremka juu ya utepe mweupe wa theluji ya kutengenezwa, huku na huku nyasi tupu. Familia zilizokuwa zimelipia vijiji vya chini likizo hiyo zilitembea kwa miguu.

Theluji hiyo ya kutengenezwa hutoka kwenye mizinga inayorusha maji hewani yakiwa vitone vidogo vidogo. Watu hudhani mashine inaweza kushinda joto. Haiwezi. Katika hewa yenye unyevu mwingi sharti baridi ifike nyuzi 2 au 3 chini ya sufuri ndipo vitone vigande. Hewa ikiwa kavu, kazi huwezekana hata baridi ikipungukia hapo kidogo, kwa sababu vitone hupoteza joto vinapokauka. Kwa hivyo ukisikia kijiji kikijisifu kwamba kina mizinga mia kadhaa, uliza pia kama usiku wa wiki iliyopita ulikuwa wa baridi.

Sasa tuje kwenye utabiri wenyewe, kwa maana hapa ndipo pesa za wengi hupotelea. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, kilichoundwa mwaka wa 1975 na kuwa na makao yake makuu Reading, Uingereza, ni miongoni mwa vile vinavyoheshimiwa zaidi duniani. Tangu mwaka wa 1992 hakitoi jibu moja tu. Kompyuta hurudia hesabu ile ile mara 50 hivi, kila mara ikianza na hali ya hewa iliyobadilishwa kidogo sana, ili ionekane majibu yatatawanyika kiasi gani. Majibu mengi yakikubaliana, unaweza kuamini. Yakitawanyika, moja likisema sentimita 60 za theluji na jingine likisema jua kali, basi hakuna anayejua, hata kama mtangazaji amevaa tai.

Kwa kawaida siku tatu za mbele huaminika vizuri. Siku tano au sita, mwelekeo wa jumla huwa sawa, ingawa saa na kiasi huteleza. Zaidi ya siku kumi, chochote kinachotaja theluji ya siku fulani katika kijiji fulani ni cha kupuuzwa. Upo pia utabiri wa msimu mzima, kama ule wa masika na vuli tunaousikia hapa kwetu, lakini wenyewe hueleza tu kama majira yaelekea kuwa na joto au baridi kuliko wastani. Hauwezi kukuchagulia wiki.

Tazama basi fumbo la mama yetu. Nauli nafuu hununuliwa miezi kadhaa kabla. Viza ya Schengen nayo huombwa mapema, na huja na tarehe zake. Utabiri wa kuaminika huja siku tano kabla ya safari. Kwa hivyo uamuzi mkubwa lazima ufanywe bila utabiri, kwa kutumia mwinuko na mwezi. Utabiri ni wa mambo madogo yanayobaki: siku gani kupanda mlimani, siku gani kubaki na nyanya mkwe mkipika.

Mwezi gani basi? Likizo ndefu ya watoto wetu ni Novemba na Desemba, wakati theluji ya vijiji vya chini ni ya kubahatisha na bei za Krismasi ziko juu. Watu wa huko hupenda Februari, lakini sisi watoto wako darasani. Ipo likizo ya Aprili, ambayo wengi hawaifikirii kwa sababu wamezoea kwamba Ulaya mwezi huo maua yamechanua. Bondeni ndiyo, yamechanua. Lakini theluji hurundikana msimu mzima, na kwenye urefu wa mita 2,500 kina chake kwa kawaida hufikia kilele Machi au Aprili. Wazee wa Davos, Uswisi, wamekuwa wakiipima kwenye Weissfluhjoch, mita 2,536 juu, tangu mwaka wa 1936. Aprili siku ni ndefu, baridi haiumi masikio, na watoto wa Kiafrika hawatalia. Kasoro yake ni kwamba theluji huganda usiku na kuwa uji ifikapo alasiri, kwa hivyo hucheza asubuhi na kupumzika mchana.

Ila uende juu. Obergurgl, huko huko Tirol, iko mita 1,930. Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300. Hintertux, pia Tirol, ina mto wa barafu ambao watu hutelezea mwaka mzima, na vibanda vya waya hukupandisha hadi mita 3,250. Ningekuwa mimi, ningewaomba wakwe kwa heshima wahamishe mwaliko hadi Aprili. Wakishikilia Desemba, basi wakubali angalau siku mbili za kwenda kwenye barafu ya juu kwa gari. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Wenyeji wenyewe huulizana hayo kila mwaka.

Zikibaki wiki mbili, anza kufuatilia ripoti ya theluji. Kila kituo cha skii hutoa namba mbili: kina cha bondeni na kina cha juu. Soma ya bondeni kwanza, maana ndiyo itakayokuambia kama watoto wanaoanza watapata pa kuchezea. Kisha tazama tarehe theluji ilipoanguka mara ya mwisho. Sentimita 80 zilizoanguka juzi na sentimita 80 za mwezi uliopita, zilizoloa na kuganda mara kumi, ni vitu viwili tofauti. Halafu tazama njia ngapi zimefunguliwa kati ya zote. Kumbuka pia kwamba namba hizo hutolewa na mwenye duka. Simsingizii uongo, lakini hakuna anayemlazimisha kupima mahali palipopukutika. Linganisha na vituo vya serikali vya kupimia, na picha za kamera zilizowekwa milimani, ambazo mtu wa Buruburu anaweza kuzitazama kwenye simu yake. Kamera haina hoteli ya kuuza.

Utabiri ukitaja milimita za maji badala ya theluji, usichanganyikiwe: milimita 1 ya maji huwa kama sentimita 1 ya theluji mpya. Na ukiona neno Föhn, hapo shika roho. Huo ni upepo unaoteremka kutoka mlimani ukiwa mkavu na wenye joto, na unaweza kula theluji ya siku nyingi kwa muda mfupi.

Hadi hapa tumeongea kana kwamba shida ni theluji kukosekana. Theluji kuzidi ni shida kubwa zaidi. Mwezi wa Februari 1999 ilinyesha mfululizo magharibi mwa Austria hata barabara ya bonde la Paznaun ikafungwa, wageni wakakwama vijijini. Tarehe 23, maporomoko ya theluji yaliteremka juu ya kijiji cha Galtür yakaua watu 31, wengine wakiwa kwenye sehemu iliyohesabiwa kuwa salama. Kesho yake watu 7 wakafa Valzur, jirani tu. Helikopta zilifanya kazi siku kadhaa kuwaondoa maelfu waliobaki. Tirol hiyo hiyo aliyoalikwa mama yetu.

Ndiyo sababu kuna taarifa ya pili ya kusomwa, ya hatari ya maporomoko. Tangu mwaka wa 1993 nchi za Ulaya hutumia kipimo kimoja chenye ngazi tano. Ngazi ya 3 huwapotosha wageni, maana iko katikati na mtu hudhani ni "wastani". Si wastani. Ni hatari ya kweli, na vifo vingi hutokea katika ngazi za 2 na 3, kwa sababu ngazi ya 4 watu huogopa wakabaki ndani. Mara nyingi mporomoko unaoua huanzishwa na mtelezaji mwenyewe, kwenye mteremko mkali wa digrii 30 na zaidi, nje ya njia zilizofunguliwa. Aliyefukiwa huhitaji kufukuliwa katika dakika kumi za kwanza. Kwa hivyo watoto waambiwe waziwazi, na mkwe kijana naye aambiwe mbele yao: hakuna kutoka nje ya vijiti vya alama, hata kama nyayo za wengine zinaonekana zikienda huko.

Tusisahau jua. Kila mita 1,000 upandazo, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Ngozi nyeusi nayo huungua, na macho huungua zaidi. Miwani ya giza si ya kujishaua.

Na asije mtu akasema mambo haya ni ya wazungu. Philip Boit hakuwa ameona theluji mpaka alipokwenda mazoezini Finland mwaka wa 1996, na miaka miwili baadaye alikuwa Nagano, Japan, akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akamngoja pale mwisho ili ampe mkono. Sabrina Simader, aliyezaliwa pwani yetu na kukulia Austria, aliteleza kwa jina la Kenya kule Pyeongchang mwaka wa 2018.

Mwisho, karatasi. Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Isome kwa makini, kwa sababu bima nyingi za bei nafuu huacha nje michezo ya majira ya baridi, na kuteremshwa mlimani kwa helikopta si bure. Chumba kikilipiwa, tafuta kile kinachorudisha pesa ukighairi siku chache kabla. Taarifa ya maporomoko ya Uswisi hutolewa saa kumi na moja jioni, na tena saa mbili asubuhi. Ya Tirol nayo hutoka jioni. Majira ya baridi Kenya iko saa mbili mbele, kwa hivyo hapa Nairobi itazame saa moja usiku, usiku wa kufunga mizigo.

Jumapili ijayo: nguo za kukodi, na viatu vya skii kwa mtoto ambaye mguu wake unakua.