Mkimpeleka Biharusi Arusha, Mpitisheni Kaloleni



Siku hizi marafiki wakitaka kumuaga biharusi wanachanga, wanapanda ndege mpaka Arusha, wanapiga picha za sare na Mlima Meru nyuma yao, kesho yake wanarudi Unguja. Picha zinatoka nzuri, sikatai. Lakini Meru una zaidi ya mita 4,500, na siku isiyo na mawingu utauona karibu popote ulipo mjini. Picha mtaipata tu. Mji wenyewe ndio mnaouacha.

Boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, litazameni kwa saa moja. Muda wenu mkubwa uwekeni Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge. Jengo ni dogo, wengi huingia na kutoka. Nyinyi kaeni.

Humo ndimo viongozi wa TANU walimokutana Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Moja ya masharti yake: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Basi hapo msimulieni biharusi habari ya Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu wa Dar es Salaam aliyewatoa wanawake majumbani mwao wakajiunga na TANU kabla ya uhuru. Sharti lile hakulikubali, naye alikuwa na nyumba za kupangisha. Baadaye alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1972. Leo barabara kubwa Dar ina jina lake.

Unaweza kuliunga mkono Azimio, na wapo wazee wanaolilia mpaka leo. Mimi katika hilo la nyumba niko na Bibi Titi. Kwa mwanamke nyumba ya kupangisha si ubepari; ni chakula cha uzeeni, na ni pa kurudi ikiwa ndoa imevunjika. Dini yetu imeshasema mali ya mke ni yake. Sasa mwulizeni mwari wenu, mkiwa mmekaa nje pale kivulini: mahari yake kayashika mwenyewe, au yameshaliwa kwenye ukumbi na mapambo? Kile kiwanja anachochangia kila mwezi na mchumba, hati ina jina la nani?

Najua kuna watakaosema siku ya furaha isitiwe maneno mazito. Na lini basi? Akishaolewa, mkimwuliza mtaambiwa mnamharibia nyumba yake. Na somo, kwa haki yake, anamfundisha mengi, lakini hati za viwanja sijasikia akizitaja.

Suala la maharimu limalizeni nyumbani kabla ya kukata tiketi. Sala isiwape tabu: msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kujumuisha adhuhuri na alasiri, ila ulizeni mapema msikiti upi una sehemu ya wanawake. Shanga za Kimasai nunueni mwisho, mkipatana bei vizuri. Na kama mnakwenda Juni au Julai bebeni masweta, buibui letu jepesi la Unguja kwa baridi ya kule halifui dafu.