Tumkumbuke Mwalimu Nyagah, na Tuseme Juu ya Kazi za Jioni



Mazungumzo yanapofika kwa marehemu Jeremiah Nyagah, wengi husema "Waziri" na kuishia hapo. Mimi nataka tumkumbuke kwa mambo mawili yasiyohitaji gari lenye bendera: alikuwa mwalimu, na alikuwa skauti. Sababu yangu ni ule ubishi uliomo katika matawi yetu ya Embu na Meru juu ya kazi za jioni zisizolipwa.

Alizaliwa mwaka 1920 Embu, katika nchi ya Kigari ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa imekwisha fungua kituo. Alisoma Alliance, akaenda Makerere, akarudi kufundisha. Siku zile Mwafrika aliyesoma mpaka Makerere hakuwa na milango mingi, na wengi waliishia mbele ya ubao. Mwaka 1957, Waafrika walipopiga kura mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Jimbo la Kati lilimpeleka Bernard Mate wa Meru, mwalimu. Mwaka 1958 viti vikaongezwa, na Nyeri na Embu wakamchagua Nyagah, mwalimu vile vile. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuruhusiwa kupiga kura bila hati ya kuonyesha kwamba ni mtiifu kwa Serikali, kwa hiyo wapiga kura walikuwa wachache. Hata hivyo wachache hao, wa Meru na wa Embu, walipotafuta mtu wa kuwasemea walikwenda kumtafuta shuleni.

Alikaa Bungeni mpaka alipostaafu mwaka 1992, na kwa miaka mingi alikuwa Waziri, kwanza wakati wa Mzee Kenyatta na kisha wakati wa Moi. Yeye ndiye aliyeshika Wizara ya Elimu mwaka 1967, ilipoanza Tume ya Kuajiri Waalimu, ile T.S.C. Vijana hawajui ilivyokuwa kabla yake. Mwalimu mmoja alikuwa chini ya misheni, mwenziwe chini ya baraza la wilaya, wa tatu chini ya manispaa, na kila mwajiri ana desturi zake. Chama cha Waalimu, kilichoundwa Desemba 1957, kilidai mwajiri mmoja, tena kiligoma. Sisemi Nyagah ndiye aliyetupa Tume, maana tuliidai wenyewe. Nasema tu kwamba safari hiyo aliyeketi upande wa pili wa meza aliijua chaki.

Sasa uskauti. Kazi hiyo haina mshahara, wala marupurupu, wala pensheni. Aliyeuanzisha, Baden-Powell, alifariki Nyeri mwaka 1941 na kaburi lake liko huko, upande mwingine wa Mlima Kenya. Nyagah hakuuacha uskauti alipopata ukubwa. Alikuwa Kamishna Mkuu wa Maskauti wa Kenya, na maskauti wa dunia wakampa nishani yao ya Bronze Wolf, ambayo Waafrika walioivaa si wengi. Alifariki Aprili 2008, akiwa na miaka 87.

Nilipoyasema haya mbele ya ndugu mmoja wa Runyenjes, alinijibu hivi: "Mzee, mtu mwenye mshahara wa Waziri akijitolea, hilo si ajabu. Mimi nina watoto wanne na mkopo." Sikuwa na jibu siku ile, na sasa naona alisema kweli. Mtu hujitolea akiwa ameshiba. Mwenye njaa akifanya kazi ya bure hajajitolea, amenyang'anywa.

Mimi mwenyewe nilifundisha kwaya miaka kumi na tisa, nikipenda. Saa kumi jioni watoto wengine wakienda nyumbani, sisi tunabaki na ngoma chini ya mti. Tulimwita mzee mmoja kutoka Chuka atuonyeshe jinsi wapigaji wa kwao wanavyoishika ile ngoma ndefu katikati ya mapaja, na watoto walicheka mpaka walipojaribu wenyewe wakaona ugumu wake. Mashindano ya Muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927, na sidhani yangefika hata kizazi cha pili bila waalimu wa namna hii, wanaoshona sketi za katani usiku na kulipa nauli ya mtoto ambaye babaye hana kitu. Nililipa nauli hizo wala sijuti.

Lakini mwaka mmoja mkuu wa shule, ambaye simtaji, aliiandika kwaya katika ratiba yangu bila kuniuliza. Mke wangu alipolazwa hospitali nikakosa mazoezi siku mbili, nikapewa barua ya kujieleza. Barua ya kujieleza kwa kazi isiyo na senti! Tangu siku ile ngoma ile ile ilikuwa nzito mikononi mwangu.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka chama kitangaze kwamba kuanzia muhula ujao hakuna mwalimu atakayegusa kwaya wala skauti. Watakaoumia ni watoto, na waalimu wanaoipenda kazi hiyo. Wala siwaungi mkono wakubwa wanaotaja majina ya watu kama Nyagah ili kutunyamazisha. Nyagah hakuandikiwa barua ya kujieleza kwa kukosa kambi ya maskauti. Alikwenda kwa hiari yake, na mshahara wake ulimngoja mwisho wa mwezi.

Katika mkutano wa tawi nitaleta hoja hii: kazi ya jioni isiandikwe katika ratiba bila mwalimu mwenyewe kukubali, akikubali, nauli na chakula vitoke shuleni, si mfukoni mwake, na asiyekubali asiandikiwe barua. Mwenye stakabadhi za nauli za mashindano yaliyopita na aje nazo. Katibu amekubali kuzijumlisha.