Mwalimu Asiyepewa Kiti



Wengi wetu hupima elimu kwa cheo: nani anaitwa profesa, na nani anamlipa. Maisha ya mwanauchumi Ludwig von Mises yanaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyoweza kudanganya.

Alizaliwa mwaka 1881 huko Lemberg, katika ufalme wa Austria-Hungaria, akapata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1906. Tangu 1913 aliruhusiwa kufundisha chuoni hapo, lakini bila mshahara. Uprofesa kamili hakuupata kamwe chuoni hapo. Alikuwa Myahudi, alitetea soko huru wakati wengi walitaka serikali iongoze uchumi, tena hakujua kulegeza maneno. Riziki yake aliipata katika Chemba ya Biashara ya Vienna.

Basi, kuanzia 1920 hadi 1934, Ijumaa moja kila majuma mawili, alikusanya wasomi vijana ofisini mwake jioni. Hapakuwa na mtihani wala cheti. Palikuwa na mjadala tu. Mwaka 1920 alikuwa ameandika kwamba serikali inayomiliki mashamba na viwanda vyote haina bei za kweli za kuhesabia, hivyo haiwezi kujua kama inazalisha mali au inaiharibu. Mmoja wa waliohudhuria, Friedrich Hayek, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kifo cha Mises.

Mwaka 1934 alihamia Geneva. Mwaka 1938 Wanazi waliteka karatasi zake Vienna. Mwaka 1940 alifika New York akikaribia miaka sitini, akaanza upya. Huko alifundisha kama profesa mgeni tangu 1945 hadi 1969, akilipwa na wafadhili, si na chuo.

Mtu asitumie habari hii kuwaambia walimu wetu wafundishe bure. Mises alikuwa na mshahara mahali pengine. Mwalimu wa kijijini asiyelipwa hana Chemba ya Biashara. Kumsifu kwa moyo wake huku watoto wake wanalala njaa ni udhalimu.

Wala simfuati Mises katika yote. Soko husikia sauti ya mwenye fedha. Asiye na kitu halimsikii. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya 1891, alifundisha kwamba ujira lazima umtoshe mfanyakazi kuishi, hata kama yeye mwenyewe amekubali kidogo. Lakini hoja ya Mises juu ya bei ni nzito, na haifai kuipinga kabla ya kuielewa.

Ninawaachia swali moja la kujadili katika kikundi. Wale vijana wa Vienna walikuja bila kuahidiwa cheti chochote. Kama leo tungeondoa diploma, ni wangapi kati yetu wangerudi darasani Ijumaa ijayo?